Viti Vilivyokataliwa Ndivyo Vilivyoleta Uchaguzi

Imekuwa desturi kuisimulia historia ya Baraza la Kutunga Sheria la enzi za ukoloni kana kwamba ni historia ya shule. Mwingereza, husemwa, alikuta watu wasiozoea bunge. Akaanza na wajumbe wa kuteuliwa: kwanza walowezi, kisha Wahindi na Waarabu, kisha mmishenari wa kuwasemea Waafrika, kisha Waafrika wenyewe, machifu na wasomi. Walipokwisha kuiva akawapa kura. Kwa simulizi hiyo gavana alikuwa mwalimu, uteuzi ulikuwa darasa, na uchaguzi wa 1957 nchini Kenya na wa 1958 Tanganyika ulikuwa siku ya kutolewa vyeti.

Simulizi hiyo imeenea madarasani na katika makala za kumbukumbu za uhuru. Hata watu wasioupenda ukoloni huirudia, kwa sababu inaonekana kuwa ya haki: inakubali kwamba Mwingereza alichelewa, lakini inasisitiza kwamba alikuwa na mpango. Matukio yenyewe yanaikanusha. Hatua zilizohamisha madaraka kutoka kwa gavana kwenda kwa wapiga kura zilichukuliwa pale watu walipokataa viti walivyopewa au walipoviacha, na wakawa na umma nyuma yao. Pale walipokubali na kusubiri, uteuzi uliendelea.

Baraza la kwanza katika Afrika Mashariki ya Waingereza lilikutana Nairobi Agosti 1907. Wajumbe wachache wasio watumishi wa serikali walichaguliwa na gavana, na mmoja wao alikuwa Lord Delamere. Walowezi waliuchukia utaratibu huo tangu siku za mwanzo. Walitaka kuchagua wasemaji wao, na mwaka 1920 walifanya uchaguzi na kujaza viti 11. Wakati huo Wazungu wote wa Kenya hawakufika 10,000. Hakuna aliyewataka waonyeshe cheti cha shule au kiasi cha mapato ili wapige kura, na wanawake wao walipiga kura pia. Kama kungekuwa na shule ya kujifunza ubunge, wao hawakuisoma.

Wahindi walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu kwa idadi, nao walipewa viti viwili vya kuteuliwa. Walivikataa, wakadai orodha moja ya wapiga kura kwa watu wote. Waraka wa Devonshire wa 1923 uliwaongezea viti hadi vitano, lakini kwa orodha ya kabila lao peke yake, na kwa miaka kadhaa wengi wao walikataa kuvikalia hivyo pia. Waraka huohuo ulitangaza kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yatakayotangulizwa. Ahadi hiyo ilipogeuzwa kuwa kiti, alikabidhiwa mmishenari wa Kiskoti. Mwaka 1924 Mchungaji John Arthur wa misheni ya Kikuyu aliteuliwa kuwasemea Waafrika wote wa Kenya.

Hapo ndipo watetezi wa uteuzi husema kwamba Mwafrika wa kusema mwenyewe alikuwa hajapatikana. Alikuwa amepatikana, na alikuwa kizuizini. Harry Thuku, karani wa Nairobi, alikuwa ameanza kuzungumza mbele ya maelfu juu ya kodi, kipande na mishahara iliyopunguzwa. Machi 1922 alikamatwa, polisi wakawafyatulia risasi waliokusanyika kudai aachiliwe, naye akapelekwa Kismayu, mbali na watu wake, kwa miaka mingi. Miaka miwili baada ya kumwondoa msemaji ambaye watu walimfuata kwa hiari, serikali ikamteua msemaji ambaye hakuna Mwafrika aliyeulizwa habari zake. Chama cha KCA cha Wakikuyu kilipomtuma Jomo Kenyatta London mwaka 1929, moja ya madai aliyobeba lilikuwa Waafrika wawakilishwe barazani na Waafrika. Jibu lilichukua miaka 15.

Tanganyika hoja ya kutokuiva ilitolewa waziwazi zaidi. Gavana Donald Cameron alipofungua Baraza Desemba 1926, wajumbe wasio wa serikali walikuwa Wazungu watano na Waasia wawili. Mwafrika hakuwamo. Maelezo yalikuwa kwamba hakuna Mwafrika aliyejua Kiingereza cha kutosha kushiriki mjadala, na kwamba maofisa wa serikali wangeyatazama mambo ya wenyeji. Wahenga walikwisha kusema asiyekuwepo na lake halipo, na Tanganyika hilo lilitimia kwa karibu miaka 20.

Lakini je, kweli hakuwapo? Martin Kayamba wa Tanga alikuwa karani mkuu aliyesoma shule za misheni na kuandika Kiingereza vizuri. Mwaka 1922, miaka minne kabla ya Baraza kufunguliwa, alikuwa ameshiriki kuanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali mjini Tanga. Mwaka 1931 serikali yenyewe ilimpeleka London, pamoja na Chifu Makwaia wa Usiha na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mtu aliyefaa kuhojiwa na wabunge na malodi wa Westminster hakupewa kiti katika Baraza la Dar es Salaam, na alifariki kabla Mwafrika yeyote hajapewa. Kilichokosekana kilikuwa nia ya kumpa mwenye uwezo nafasi.

Kupima ukweli wa hoja hiyo kunahitaji kutazama makoloni mengine ya taji lilelile. Nchini Nigeria, watu wa Lagos na Calabar walichagua wajumbe wao Waafrika mwaka 1923, miaka mitatu kabla Baraza la Tanganyika halijazaliwa. Kisiwani Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, wanaume kwa wanawake wote wa kuanzia miaka 21 walipiga kura mwaka 1931, mwaka uleule Kayamba aliposafiri. Uingereza ilijua jinsi ya kuandikisha wapiga kura katika nchi za tropiki, wakiwamo wasiosoma na maskini. Iliamua wapi ifanye hivyo na wapi isifanye, na walowezi wa Kenya walikuwa na uzito mkubwa katika uamuzi huo.

Tarehe za Waafrika wa kwanza kuteuliwa zinaiumbua zaidi simulizi ya kuiva. Eliud Mathu aliteuliwa Kenya Oktoba 1944. Tanganyika walifuata Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha na Chifu Abdiel Shangali wa Machame mwaka 1945. Mwaka huohuo Uganda ilipata wajumbe watatu, akiwamo Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Kawalya Kagwa. Zanzibar ilimpata Sheikh Ameri Tajo mwaka 1946. Nchi nne zenye shule tofauti, tawala tofauti na historia tofauti, zote zilionekana kuiva ndani ya miaka miwili.

Kilichozikutanisha ni vita. Vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa kupigana Abyssinia na Burma, na Uingereza ilikuwa inaiambia dunia kwamba inapigania uhuru wa mataifa. London haikuweza tena kutetea mabaraza yasiyo na Mwafrika hata mmoja. Mathu mwenyewe, aliyesoma Fort Hare na Chuo cha Balliol, Oxford, alikuwa amerudi Kenya tangu 1940. Elimu yake haikubadilika kati ya mwaka huo na 1944. Kilichobadilika kilikuwa haja ya serikali.

Na kuteuliwa kulikuwa na mipaka yake. Kenya mabaraza ya wenyeji wilayani yaliruhusiwa kupendekeza majina, lakini gavana ndiye aliyechagua. Tanganyika aliyeteuliwa mara nyingi alikuwa chifu aliyelipwa mshahara na serikali, na serikali hiyohiyo ingeweza kumwondoa kwenye kiti cha uchifu. Barazani maofisa wa serikali walikaa wakipiga kura kwa amri. Mwaka 1948 Waafrika wa Kenya, zaidi ya milioni 5, walikuwa na wajumbe wanne, wote wa kuteuliwa, wakati Wazungu wapatao 30,000 walichagua 11. Tanganyika ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1955, yaliyosifiwa sana kuwa ya usawa, viti 30 vya upande usio wa serikali viligawanywa kumi kwa Waafrika, kumi kwa Wazungu na kumi kwa Waasia. Wote hao waliteuliwa, na upande wa serikali ulibaki na 31. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 7. Wazungu hawakufika 30,000.

Haki lazima itendeke kwa waliokaa kwenye viti hivyo. Kuwaita wote vibaraka ni kosa jingine, na halifai kuchukua nafasi ya kosa la kwanza. Mathu alipambana na kipande kwa miaka kadhaa, na sheria ilipobadilishwa mwaka 1947 ili watu wa rangi zote waandikishwe, sauti yake ilikuwa imechangia. Uteuzi wake uliwasukuma wasomi wa Nairobi kuunda chama cha KAU, kilichomtia nguvu kwanza kisha kikamzidi kasi. Kidaha Makwaia alikuwa mtu mwenye akili pevu na aliheshimiwa na waliokuja kuongoza chama cha TANU huko Tanganyika. Hawa walifanya kazi ya kweli ndani ya chumba ambamo hesabu ya kura ilijulikana kabla mjadala haujaanza. Lawama ni ya utaratibu uliowataka wawe hodari na wakati huohuo wasiwe na watu wa kuwategemea.

Mwisho wa Mathu barazani ndio ushahidi mkali kuliko wote. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika wa Kenya ulifanyika Machi 1957, kwa masharti yaliyotungwa na Walter Coutts. Mtu mwenye elimu, mapato au utumishi wa muda mrefu aliweza kuhesabiwa zaidi ya kura moja, hadi kura tatu. Miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, hakuna aliyeandikishwa bila cheti cha uaminifu, kwa sababu hali ya hatari iliyotangazwa dhidi ya Mau Mau ilikuwa bado. Wameru wengi walivipata vyeti hivyo. Wakikuyu wengi hawakuvipata. Kiti kikaenda kwa Bernard Mate wa Meru. Mathu, aliyetumikia kwa zaidi ya miaka 12 kwa hisani ya gavana, aliangushwa chini ya masharti yaliyowazuia watu wengi wa nyumbani kwake hata kuandikishwa. Benaiah Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri nchini Kenya, alishindwa na Oginga Odinga. Daniel arap Moi, aliyekuwa ameteuliwa mwaka 1955, alishinda. Lakini simulizi ya shule inahitaji wahitimu wake mashuhuri wapasi mtihani, na wawili mashuhuri kuliko wote walianguka mara ya kwanza watu walipoulizwa.

Waliochaguliwa walikuwa wanane, wakiwamo Tom Mboya wa Nairobi, Odinga, Masinde Muliro na Ronald Ngala. Jambo la kwanza walilofanya lilikuwa kukataa. Walikataa uwaziri, wakatamka kwamba katiba ya 1954 ni batili kwao, na wakadai viti zaidi. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa imesema katiba hiyo isiguswe kwa miaka kadhaa, iliibadilisha kabla mwaka haujaisha. Viti vya Waafrika viliongezwa kutoka 8 hadi 14.

Pamoja na viti hivyo, Waziri wa Makoloni Alan Lennox-Boyd aliingiza kitu kingine: wajumbe 12 maalumu, wanne wa kila rangi, watakaochaguliwa na Baraza lenyewe. Huo ulikuwa uteuzi uliovishwa nguo za kura. Wajumbe Waafrika waliochaguliwa na wananchi walisusia, na waliwatangaza Waafrika waliogombea viti hivyo kuwa wasaliti. Walishtakiwa mahakamani kwa tangazo hilo na kutozwa faini. Wakaendelea kukataa, wakatoka barazani, hadi London ikaitisha mkutano wa katiba wa Januari 1960 katika Lancaster House, ambao uliwakubalia Waafrika wingi wa viti vya kuchaguliwa.

Tanganyika njia ilikuwa tofauti, lakini nguvu iliyosukuma ilikuwa ileile. Julius Nyerere alikaa barazani kwa muda mwaka 1954, na mwaka 1957 aliteuliwa tena, pamoja na Rashidi Kawawa. Gavana Edward Twining alitarajia kwamba kiti kingemtuliza. Desemba mwaka huohuo Nyerere alijiuzulu, akieleza kwamba serikali ilikataa kila alichopendekeza, na kwamba kuendelea kukaa kungekuwa kuwahadaa watu waliomtegemea. Alirudi kwenye mikutano ya hadhara, mahali ambapo TANU ilikuwa na nguvu kuliko Twining.

Mpinzani makini atauliza hapa: je, mwezi uliofuata, Januari 1958 mjini Tabora, TANU haikukubali kushiriki uchaguzi wenye masharti mabaya? Ilikubali. Mpiga kura alitakiwa awe na mapato ya pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa, na alilazimika kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia. Zuberi Mtemvu alikataa uamuzi huo akaondoka chamani. Uamuzi wa Busara, kama unavyoitwa hadi leo, unaeleza vizuri zaidi hoja yenyewe. TANU ilikataa kiti cha hisani ikakubali kura, hata iliyopinda, kwa sababu kura ingeiwezesha kuchagua hata wagombea Wazungu na Waasia. Ilikuwa na wanachama wa kutosha kufanya hivyo. Bibi Titi Mohamed alikuwa ameandikisha wanawake kwa maelfu, wengi wao wasio na sifa ya kupiga kura, na wao ndio walioufanya mji mzima wa Dar es Salaam uwe wa TANU. Kati ya Septemba 1958 na Februari 1959 wagombea wa TANU na waliounga mkono TANU walichukua viti vyote 30.

Zanzibar, jumuiya ya Waarabu iliwaondoa wajumbe wake wa kuteuliwa barazani mwaka 1954, baada ya viongozi wake kushtakiwa kwa maandishi ya gazeti la Al Falaq. Mgomo huo ulikuwa na upande wa giza, kwani mjumbe aliyeuvunja aliuawa. Hata hivyo mahali ambapo kwa miaka mingi mwakilishi mkazi wa Uingereza na washauri wake walipanga viti kwa rangi, uchaguzi wa orodha ya pamoja ulifanyika Julai 1957.

Kama kungekuwa na mpango wa hatua kwa hatua, ungejulikana kwa ratiba yake. Ratiba hiyo ipo. Januari 1959 Lennox-Boyd alikutana na magavana wa Afrika Mashariki huko Chequers, Uingereza, nao wakakadiria kwamba Tanganyika ingepata uhuru karibu 1970 na Kenya karibu 1975. Tanganyika ilikuwa huru Desemba 1961, Kenya Desemba 1963. Miaka hiyo tisa na kumi na miwili iliyofutwa haikufutwa na walimu wa shule.

Watetezi wa uteuzi wana kimbilio la mwisho, nalo ni Kongo. Tazameni, husema, nchi iliyorukishwa hatua ikaanguka 1960. Lakini Wabelgiji hawakuruka uteuzi. Walikaa nao karibu hadi mwisho. Baada ya Vita Kuu ya Pili waliteua Waafrika wachache katika baraza la ushauri la koloni, na kura ya kwanza, ya manispaa tu, ilipigwa Desemba 1957 katika miji kama Léopoldville na Élisabethville. Kongo ni nchi iliyopata uteuzi mwingi na uchaguzi mchache. Anayetaka kujua shule hiyo ilifundisha nini anaweza kupima hapo.

Hoja hii haiishii makaburini, kwa kuwa viti vyenyewe vipo. Idadi ya wajumbe 12 aliyoiweka Lennox-Boyd ilipita Lancaster House, ikaingia katika bunge la uhuru, na mwaka 1968 Kenya ilibadilisha katiba ili rais awateue. Mwaka 1997 vyama vilipewa nafasi ya kupendekeza majina kwa uwiano wa nguvu zao, na Katiba ya 2010, ibara ya 97, bado ina wabunge 12 wa kuteuliwa na vyama katika Bunge la Taifa kwa ajili ya vijana, wenye ulemavu na wafanyakazi. Tanzania, ibara ya 66 ya Katiba inampa rais nafasi hadi kumi za kuteua wabunge. Kila mjadala wa kuzirekebisha unapoanza, hurudi maneno yale ya Cameron na Twining yakiwa na sura ya heshima: zinaleta wataalamu, zinakuza viongozi, zinawasemea wasio na sauti.

Anayetumia maneno hayo anawajibika kueleza kwa nini wenye ulemavu wasimpigie kura msemaji wao, au wafanyakazi wasimchague wao. Uganda imeweka chaguzi za makundi maalumu katika katiba yake ya 1995, na ingawa chaguzi hizo zina kasoro na lawama nyingi, zimeonyesha kwamba kundi linaweza kuulizwa. Dodoma na Nairobi zinaweza kuanza hapo: nafasi za makundi zijazwe kwa kura za makundi yenyewe, na nafasi zisizo na kundi la kuziulizia zifutwe. Vitabu vya historia navyo viandike kwamba Desemba 1957 Nyerere alikiacha kiti, na kwamba mwaka huohuo wajumbe wanane wa Kenya walikataa uwaziri, katika sura ileile inayoeleza jinsi uchaguzi ulivyopatikana.